Waashuru hawakuishia Ninawi: dhana potofu kuhusu simulizi zao za uhamaji

"Si walikwisha zamani, wale wa kwenye Biblia?" Nikiwataja Waashuru, swali hili hunipokea kwanza. Ninawi, mji mkuu wao wa kale, ilianguka mwaka 612 KK, ni kweli, lakini watu hawakuisha na kuta zake. Hadi leo, wiki kama tatu kabla ya Kwaresima, Waashuru hufunga siku tatu kukumbuka toba ya watu wa Ninawi baada ya mahubiri ya Yona. Hufunga hata Chicago, Sydney na Södertälje kule Uswidi, na wengi bado wanazungumza Kiaramu cha siku hizi.

Dhana ya pili ndiyo inayoharibu zaidi kazi ya kukusanya simulizi zao: kwamba walihama mara moja, vita vikazuka, wakakimbia, wakafika. Hebu fuata njia ya watu wa milima ya Hakkari, iliyo Uturuki ya leo. Mwaka 1915, katika mauaji wanayoyaita Sayfo, yaani upanga, walikimbilia Urmia upande wa Uajemi. Mwaka 1918 Urmia nayo haikukalika. Wakashika njia ya kusini hadi Hamadan, huku njaa, maradhi na mashambulizi vikiwapunguza, kisha wakaishia kwenye mahema ya kambi ya Waingereza ya Baquba, karibu na Baghdad. Wakatawanyika kaskazini mwa Iraki. Agosti 1933 yakatokea mauaji ya Simele. Maelfu wakavuka kwenda Siria na kujenga vijiji zaidi ya 30 kando ya mto Khabur. Februari 2015 wapiganaji wa Daesh, kundi lililojiita Dola ya Kiislamu, wakavamia vijiji hivyohivyo na kuteka watu zaidi ya 200.

Sasa mwulize bibi wa Khabur, "Mlihama lini?" Aanzie wapi? Yeye amezaliwa Siria, mama yake Iraki, bibi yake Hakkari. Mwulize badala yake mkate ulikuwa unaokwa wapi, nani alifunga mlango mwisho, nani alimbeba nani mgongoni. Ukiuliza hivyo, zile safari zitaanza kujitenga moja moja, kila moja na nyumba yake.

Wengine husema hakuna haja ya kuwasumbua wazee, kila kitu kimo kwenye nyaraka za serikali. Kwa jina gani? Sheria ya majina ya ukoo ya Uturuki ya mwaka 1934 iliwavisha Waashuru majina ya Kituruki, na miji yao pia ikabadilishwa majina: Azakh leo ni İdil. Mjukuu anayetafuta kwa jina lililo kwenye pasipoti yake anaweza kupekua miaka na miaka asimwone babu yake. Jina la nyumbani, la kijiji na la ukoo analijua mzee, basi. Mimi ningeanza na hayo kabla ya swali lolote lingine.

Halafu kuna ile ya kumwomba mzee asimulie kwa Kiswidi au Kiingereza ili watoto waelewe. Hapana. Wazee wa Tur Abdin, eneo la Waashuru kusini-mashariki mwa Uturuki, husema "mwaka wa upanga" bila kutaja 1915, na msikilizaji wa kwao anajua papo hapo. Mwache aseme kwa lugha yake. Tafsiri itafuata, maana sauti ikishapotea hakuna wa kuitafsiri.

Na kurekodi si mwisho wa kazi. Sauti iliyo kwenye simu moja iko hatarini, kwa hiyo toa nakala, iandike, weka tarehe na jina la aliyehoji. Lakini kabla ya kuisambaza, rudi kwa mwenye simulizi. Huenda ana ndugu waliobaki kule. Huenda kuna shangazi aliyetekwa ambaye jina lake halitamkwi mbele ya wageni. Mzee akisema sehemu hii isikike baada ya kifo changu, liandike neno hilo juu ya nakala yenyewe, kwa wino.