Je, wajua kwa nini sonona humtoa mtu kwenye ARV?

Dawa za VVU, yaani ARV, zipo kabatini. Mwenyewe anajua saa ya kumeza, na simu humkumbusha kila usiku. Lakini hamezi. Akiulizwa kliniki anajibu, "Nilisahau tu, sista," na kwenye faili huandikwa: amesahau. Jibu hilo ni rahisi kwa wote wawili, ndiyo maana hudumu.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huwapata watu wanaoishi na VVU mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wengine. Sehemu yake ni maisha yenyewe: unyanyapaa, siri ya kubeba peke yako, mwenzi aliyeondoka. Sehemu nyingine ni mwili. Virusi hufika kwenye ubongo mapema, na kinga ya mwili inayopambana bila kutulia kwa muda mrefu huchangia kuvuruga hisia. Wakati mwingine hata ARV zenyewe zimehusika: efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi, iliwaletea baadhi ya watu ndoto za ajabu na huzuni. Madhara hayo ni miongoni mwa sababu zilizofanya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuipa ARV nyingine, dolutegraviri, nafasi ya kwanza mwaka 2019.

Sasa, sonona inagusaje kidonge? Anayemeza dawa ya maumivu huona faida yake saa hiyo hiyo. ARV haina malipo ya leo. Malipo yake ni kipimo cha wingi wa virusi miezi kadhaa mbele, na afya ya miaka ijayo. Ili umeze usiku huu, lazima uiamini kesho, na kesho ndiyo kitu cha kwanza ambacho sonona hukichukua. Swali linabaki moja: ya nini? Ongeza usingizi uliovurugika na akili isiyotulia. Ongeza pia kwamba kidonge chenyewe humkumbusha mtu kila siku jambo ambalo angependa lisiwepo. Akishakosa dozi kadhaa anaona aibu, anaogopa kugombezwa, anaruka na tarehe ya kliniki. Huku nyuma virusi vinaongezeka, na usugu wa dawa unaweza kuanza, yaani virusi vikaacha kushindwa na dawa hiyo.

Je, ukitibu sonona, ufuasi wa dawa, yaani kuzimeza kila siku bila kukosa, hurudi wenyewe? Hapa ndipo wengi hukosea. Mapitio ya tafiti 29 yaliyotolewa mwaka 2014 yaliona kwamba kutibu sonona kunaboresha ufuasi wa ARV. Lakini utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2015, uliosimamia kwa makini dawa za sonona, ulikuta huzuni imepungua na umezaji wa ARV umebaki pale pale. Kupata nafuu ya moyo ni jambo moja, na tabia iliyovunjika ni jambo jingine. Inahitaji kujengwa upya kwa makusudi.

Ndiyo maana mwanasaikolojia Steven Safren na wenzake waliunganisha yote mawili katika tiba moja ya mazungumzo. Huko Khayelitsha, Cape Town, iliendeshwa na wauguzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha sonona ikipungua na umezaji ukiongezeka. Mazungumzo huanza na mambo madogo madogo. Dawa inakaa wapi? Nani yupo chumbani saa ya kumeza? Ukilala ugenini inakuwaje? Mtu anaweza hata kubandika kistika mahali anapopatazama kila siku, na kila akikiona ajiulize kama amemeza, na kwa nini anataka kuishi. Baada ya hapo ndipo huja kazi ya sonona: kurudisha shughuli moja aliyokuwa akiipenda, kupima wazo la "sina thamani" kama ni kweli, kutatua tatizo moja baada ya jingine.

Dawa za sonona nazo zina nafasi yake, na nyingi hutumika vizuri pamoja na ARV, ila anayeziandika lazima ajue unatumia ARV zipi, kwa sababu baadhi huongeza au kupunguza nguvu ya nyingine. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kama tiba asilia ya huzuni, hushusha kiwango cha dolutegraviri mwilini. Usiutumie kimya kimya. Vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Mawazo ya kujiua hayangoji wiki hizo: mhudumu aambiwe siku hiyo hiyo.