Reni wa Bewick: mtazame mkia

Reni wa Bewick ni kidege cha kahawia wa jamii ya reni (kwa Kiingereza wren), kinachopatikana hasa magharibi ya Amerika Kaskazini, kuanzia British Columbia nchini Kanada hadi Meksiko. Urefu wake ni sentimita 13 hivi, uzito gramu 10 hivi. Hukaa kwenye vichaka vikavu, misitu isiyosongamana na hata nyua za watu, akichokoachokoa wadudu kwenye magome na matawi ya chini. Jina alipewa na John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, mwaka 1827, kwa heshima ya rafiki yake Thomas Bewick, Mwingereza aliyekuwa akichonga picha za ndege kwenye mbao.

Shida ya reni ni kwamba wengi wao ni wadogo, wa kahawia, na hawapendi kujitokeza. Watu wengi huanza kuwatambua kwa nyusi. Huyu wa Bewick ana mstari mweupe mrefu unaopita juu ya jicho hadi karibu na kisogo, na huo unatosha kumtofautisha na reni wa nyumbani, ambaye nyusi zake zimefifia. Ila reni wa Carolina naye ana nyusi kama hizo, na kule Texas wote wawili wapo. Hapo angalia chini: wa Carolina ni mnene na tumbo lake lina rangi ya mdalasini, wa Bewick ni mwembamba, na tumbo ni jeupe la kijivujivu.

Mimi ningeambiwa nichague alama moja, ningeuchagua mkia. Ni mrefu kwa mwili mdogo vile, una mistari myeusi ya kukatiza, na manyoya ya pembeni yana ncha nyeupe. Tena hautulii: huusimamisha, akaupunga kushoto na kulia, na ule weupe ukachomoza majanini.

Wimbo usiutegemee sana. Dume hujifunza kuimba angali mchanga kwa kusikiliza madume jirani, si baba yake, kwa hiyo nyimbo hutofautiana toka eneo hadi eneo.

Mashariki ya mto Mississippi alikuwa wa kawaida zamani. Leo karibu ametoweka. Anayelaumiwa zaidi ni reni wa nyumbani, mwenye tabia ya kutoboa mayai ya ndege wanaotaga karibu naye. Kwa hiyo ukimwona reni mwenye nyusi nyeupe Ohio, jimbo la huko mashariki, mdhanie kwanza kuwa wa Carolina.