“Sina Mzigo wa Kuomba”: Dhana Potofu Kuhusu Mazoea ya Kiroho

Mtu anakuja kwa mashauri, anakaa, anazungukazunguka, kisha analitoa: “Mchungaji, siku hizi siombi. Sijisikii. Nikijilazimisha nitakuwa mnafiki, bora nisubiri mzigo urudi,” yaani ule msukumo wa ndani wa kuomba. Analisema kwa unyenyekevu mkubwa, utadhani anamhurumia Mungu asisikilize maombi ya kiwango cha chini. Ukimwuliza amesubiri tangu lini, anataja miezi. Wengine wanataja miaka. Nimelijibu jambo hili kwa mtu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na ndiyo maana leo naliandika. Zipo dhana nyingine nitakazozigusa, lakini nitazipitia haraka. Hii ndiyo inayonikera.

Dhana: kuomba bila kujisikia ni unafiki

Yesu mwenyewe alishatuambia mnafiki wa maombi ni nani. Katika Mathayo 6:5 ni yule anayependa kusali akiwa amesimama katika masinagogi na kwenye pembe za njia ili aonekane na watu. Kosa lake ni kutafuta watazamaji. Hakuna mahali ambapo Yesu amemwita mnafiki mtu aliyeingia chumbani, akafunga mlango, akaomba huku moyo wake ukiwa mzito. Huyo anamdanganya nani? Baba aonaye sirini anajua amekuja akiwa mkavu, bila hamu, na amekuja hivyo hivyo.

Hapo watu hunitolea Mathayo 15:8: watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami. Sawa, lakini anzia mstari wa nne. Waliokuwa wakikemewa walikuwa wamebuni njia ya kukwepa kuwatunza wazazi wao, wakisema mali ile imewekwa wakfu kwa Mungu. Marko 7 inasimulia kisa hicho hicho na kuitaja desturi yenyewe, Korbani. Moyo wao ulikuwa mbali kwa sababu walitumia dini kuikwepa amri ya Mungu. Suala la kukosa msisimko wakati wa ibada halimo kabisa katika sura hiyo, na anayelitumia andiko hilo kujihalalishia kutoomba analipindua.

Sasa nenda Gethsemane. Yesu anasema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na anaomba. Anaomba mara tatu, na mara ya tatu, Mathayo 26:44, anasema maneno yale yale. Kama hisia nzuri ingekuwa sharti la maombi ya kweli, usiku ule usingekuwa na maombi. Na unajua Yuda alimpataje? Yohana 18:2 inaeleza kwamba alipajua mahali pale, kwa maana Yesu alikuwa akienda huko mara nyingi pamoja na wanafunzi wake. Luka 22:39 inasema alikwenda mlima wa Mizeituni kama ilivyokuwa desturi yake. Luka 4:16 inasema vivyo hivyo kuhusu kuingia sinagogi siku ya sabato. Bwana wetu alikuwa na ratiba inayojulikana kiasi kwamba msaliti aliitegemea. Halafu mtu ananiambia ratiba inamzimisha Roho!

Petro na Yohana katika Matendo 3:1 wanakwea hekaluni saa tisa kwa sababu ilikuwa saa ya kusali. Hatuambiwi walijisikiaje. Ni katika safari hiyo ya kila siku walipomkuta kiwete kwenye mlango uitwao Mzuri, na yaliyofuata unayajua. Sura ya 10, Petro yuko darini akiomba yapata saa sita, na Kornelio naye alikuwa akisali saa tisa. Didake, mafundisho ya kanisa la mwanzo ambayo wanazuoni wengi huyaweka kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, yanawaagiza waamini kusali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Hayaongezi “mkijisikia.”

Na anayedhani ukavu ni dalili kwamba Mungu hataki kusikia, asome Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Inaishia gizani, na hilo ndilo neno lililomo katika mstari wake wa mwisho. Lakini katikati mwandishi anasema amemwita Bwana kila siku, na kwamba asubuhi sala yake itamfikia. Giza halikumwondolea saa yake ya asubuhi.

Mwaka 1535 Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, alimwandikia kinyozi wake, Peter, barua ndefu kuhusu namna ya kuomba. Anamweleza kwamba akijikuta amepoa na hana furaha ya kuomba kwa sababu ya shughuli na mawazo mengine, huchukua Zaburi yake, huenda chumbani, au kanisani kama ni wakati wa watu kukusanyika, na kuanza kujisemea Amri Kumi, Kanuni ya Imani, na maneno ya Kristo au ya Paulo au ya Zaburi, kama watoto wafanyavyo. Alianza kwa kinywa ili moyo upate moto. Anamwonya pia dhidi ya lile wazo la “subiri kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili.” Na kwa kuwa anaongea na kinyozi, anamkumbusha kwamba kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake kwenye wembe na nywele, akipiga soga huku akikodolea mambo mengine, anaweza kumkata mtu koo. Utulivu wa mawazo, kwa maneno mengine, unafanyiwa kazi. Haushuki wenyewe.

Swali linalofuata huwa: “Na kuongozwa na Roho je?” Warumi 8:26 inasema Roho hutusaidia udhaifu wetu, kwa maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo. Ahadi hiyo ni ya wasiojiweza katika maombi, yaani wewe siku ile ambayo huna la kusema. Na kiasi, ile nguvu ya kujitawala, kimo katika tunda la Roho kule Wagalatia 5, bega kwa bega na furaha na amani. Anayeamka akaomba bila hamu naye anaongozwa na Roho.

Basi fanya nini ukiwa mkavu? Ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi: fungua kinywa. Chukua zaburi moja, isome kwa sauti, kisha iombe mstari kwa mstari kwa maneno yako. Sipendi kumwambia anayeanza aombe kimoyomoyo; baada ya dakika mbili akili imeshafika kazini. Sauti inaishika. Chagua mahali pamoja na saa moja, uifunganishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: ukishaoga, kabla ya kufungua ujumbe wowote. Simu ikae chumba kingine. Dakika kumi zinatosha kuanzia, na nakusihi usianze na saa nzima, kwa sababu wanaoanza na saa nzima ndio ninaowaona tena mapema.

Nina tahadhari moja. Kama pamoja na kukosa hamu ya maombi hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha kwa wiki nyingi, au unafikiria kufa, hilo si suala la nidhamu ya kiroho peke yake. Mwone daktari, na umwambie mtu wa karibu leo. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika alimpa chakula akamwacha alale, kisha akamlisha tena kabla ya safari ya kwenda Horebu.

Dhana: siku 21 zinajenga mazoea, na ukiruka siku moja unaanza upya

Hesabu hiyo haitoki katika Biblia. Daniel 10 inataja majuma matatu kamili ya Danieli, lakini alikuwa akiomboleza. Hakuwa akijenga mazoea. Mazoea yake yako sura ya 6: akapiga magoti mara tatu kila siku, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Alikuwa mzee wakati huo, na amri ya mfalme ya kukataza maombi ilimkuta katika jambo la miaka mingi.

Kwa watu wa sasa, hesabu ya 21 ilienezwa na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuzoea sura zao mpya. “Angalau” ikapotea njiani. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku, wakatoa matokeo yao mwaka 2009: kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ifanyike bila kujisukuma, kuanzia 18 kwa mwepesi hadi makadirio ya 254 kwa mzito. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Kwa hiyo mfungo wa siku 21 ukiisha nawe bado unajikokota, hujashindwa. Na ukiruka Jumanne, omba Jumatano. Usilipe deni la sura ulizoruka; soma za leo. Nawaona watu wanaacha Biblia mwezi mzima kwa sababu ya sura tisa walizobaki nyuma.

Dhana: asiyeamka alfajiri hajakomaa

Marko 1:35 ni alfajiri. Luka 6:12 ni usiku kucha. Mathayo 14:23 ni jioni. Isaka katika Mwanzo 24:63 alitoka kutafakari shambani wakati wa jioni. Muuguzi wa zamu ya usiku na mama mwenye mtoto mchanga wasibebeshwe saa ya mtu mwingine. Alfajiri ni nzuri kwa sababu kuna kelele kidogo, basi.

Dhana: lazima umalize Biblia kila mwaka

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na kidogo kwa siku; ukisoma moja utachukua miaka mitatu na miezi mitatu hivi. Hakuna andiko linalosema njia ya kwanza ni ya kiroho kuliko ya pili. Mwongofu mpya mimi humwanzishia Marko, sura 16, na simruhusu kukaribia Walawi mpaka amalize.

Dhana: nidhamu ni kutegemea matendo badala ya neema

Paulo aliyeandika kwamba tumeokolewa kwa neema ndiye pia aliyemwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, yaani uchaji wa Mungu. Katika 1 Wakorintho 15:10 anasema alizidi kufanya kazi kupita wote, kisha papo hapo anasema si yeye, bali ni neema ya Mungu pamoja naye. Paulo hakuona mgongano wowote hapo. Wanaouona, kwa uzoefu wangu, hawauoni wanapofanya mazoezi ya kwaya.

Hatari ya kweli iko upande mwingine. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote. Ratiba yake ilikuwa safi, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki, kwa kuwa aliitumia kujilinganisha na mtoza ushuru aliyesimama mbali. Kwa hiyo mtu akinionyesha daftari lake lenye alama za tiki kila siku, nampongeza, kisha namwuliza habari za wanaoishi naye: wanasema amekuwa mpole zaidi? Amemlipa yule anayemdai? Tiki hazijibu maswali hayo.

Dhana: Biblia ya simu si Biblia

Kabla ya Gutenberg kuchapa Biblia yake takriban mwaka 1455, Wakristo wengi hawakuwahi kumiliki Biblia, walisikia ikisomwa. Ufunuo 1:3 inamtaja heri asomaye pamoja na wanaosikia. Neno limeshakaa kwenye ngozi, kwenye mafunjo na kwenye karatasi, na kioo cha simu hakilipunguzii kitu. Shida ya simu ni ujumbe unaoingia ukiwa mstari wa tatu. Kama una Biblia ya karatasi, tumia hiyo. Kama simu ndiyo pekee uliyo nayo, zima data kwanza, kisha usome.