Kula Safi Baada ya Maradhi Makubwa: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Malindi na Viunga Vyake

Katika miezi ya karibuni, kliniki yetu ya lishe imekuwa ikipokea wagonjwa waliomaliza matibabu ya saratani, kifua kikuu, kiharusi au maradhi ya figo, wakaruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na nafuu, kisha wakarudi wakiwa dhaifu kuliko walivyotoka wodini. Wengi wao ugonjwa haukuwarudia. Walianza kile wanachokiita kula safi: wakaacha sima, wali, samaki, mayai na maziwa kwa pamoja, wakabaki na sharubati ya mboga asubuhi, matunda mchana na maji ya ndimu usiku. Nia yao ni njema, na jamaa wanaowapikia wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini mizani haidanganyi. Aliyekuwa na kilo 60 akapoteza kilo 3 kwa mwezi mmoja bila kukusudia amepoteza asilimia 5 ya uzito wake, na kwetu hiyo ni dalili ya hatari inayohitaji kushughulikiwa mara moja.

Mwili unaotoka kwenye maradhi makubwa unajenga upya misuli, damu na kinga, na kazi hiyo inataka protini zaidi ya kawaida. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepona mara nyingi huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 72 hadi 90, ambazo hazipatikani kwa sharubati hata akinywa jagi zima. Hupatikana kwa kipande cha changu au kolekole, mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa na bakuli la mbaazi, pamoja na nafaka anayokula kila siku. Anayeugua figo na hajaanza kusafishwa damu kwa mashine hupangiwa kiasi kidogo zaidi, na aliyeanza kusafishwa hupangiwa kiasi kikubwa zaidi, kwa hiyo hawa wawili wasiigane hata kama wanalala nyumba moja.

Tunaulizwa kila wiki kama ni kweli sukari hulisha saratani, na kwamba mgonjwa akiacha wanga uvimbe utakufa kwa njaa. Tumelijibu swali hili mara nyingi na tutaendelea kulijibu. Chembe zote za mwili hutumia sukari, zilizo nzima na zenye saratani, na mtu asipokula wanga mwili hubomoa misuli yake mwenyewe ili kuitengeneza. Kupunguza soda, halua na kaimati ni ushauri mzuri kwa kila mtu, ila kumnyima chakula mgonjwa aliyekonda ni kumdhuru. Vivyo hivyo, wanaodai kwamba ndimu na magadi hupunguza asidi ya damu wajue kwamba havibadilishi damu yako, kwa kuwa mapafu na figo huilinda isitoke kwenye kiwango chake finyu, cha kati ya 7.35 na 7.45 kwenye kipimo cha asidi (pH).

Jambo ambalo ningependa lieleweke kuliko yote ni kwamba hakuna chakula kilicho safi kwa kila mgonjwa. Chukua mfano wa dafu. Hapa kwetu dafu ni kinywaji cha heshima, hupewa mgeni na mgonjwa, na kwa mtu aliyeharisha au aliyetoka juani hatuna neno nalo. Lakini kikombe kimoja cha maji ya dafu kinaweza kuwa na miligramu 600 za madini ya potasiamu. Figo nzima huitoa ziada hiyo bila taabu. Figo iliyochoka huiacha ijikusanye katika damu, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, wakati mwingine hadi moyo kusimama, bila maumivu yoyote ya kumwonya mgonjwa. Ndizi, parachichi na viazi vinaingia katika hesabu hiyo hiyo. Mgonjwa wa figo hapigwi marufuku mboga. Hufundishwa kuzikatakata, kuzichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga maji hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya potasiamu hutoka nayo. Mfuasi wa chakula safi hufanya kinyume kabisa: huzisaga mbichi na kuzinywa zote.

Chumvi nayo ina dhana yake. Wapo wanaoamini kwamba chumvi ya mawe inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kwa kuwa haijapita kiwandani, haipandishi shinikizo la damu. Ina sodiamu ile ile, madini yanayopandisha shinikizo, na zaidi ya hapo haijaongezwa madini ya iodini ambayo sheria inataka yawemo katika chumvi ya kupikia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha iliyomo ndani ya ng'onda, papa mkavu, achari na vidonge vya mchuzi. Aliyepata kiharusi atumie samaki mbichi badala ya ng'onda, na mchuzi wake uungwe kwa tui jepesi, kasimile iachwe kwa siku za sherehe.

Dawa pia zina maelewano na magomvi yake na chakula. Anayemeza warfarini ili damu isigande asiache mchicha wala mnavu, wala asianze ghafla kuvila kila siku, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa. Ale kiasi kinacholingana wiki baada ya wiki. Anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida huchukua miezi 6, awe mwangalifu na jodari na nguru waliokaa nje ya barafu. Samaki hao wakicheleweshwa hujaa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na dawa ya isoniazidi humzuia mtu kuivunja, hivyo uso hupata wekundu, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio. Samaki anunuliwe pale wavuvi wanaposhusha, na apikwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa huyo huyo asichanganye dawa zake na mitishamba ya kusafisha ini: ini lake tayari limebeba mzigo wa dawa, na tumewaona waliorudi na macho ya manjano.

Kuhusu usafi wenyewe nitasema machache. Aliye katika matibabu ya saratani, ambaye chembe nyeupe za damu yake zimeshuka, asile kachumbari ya barabarani, mayai mabichi wala maziwa yasiyochemshwa. Maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Anayetaka kupangiwa chakula afike kliniki kwa utaratibu ufuatao, na tafadhali uzingatiwe, kwa sababu wengi hulazimika kurudi nyumbani kwa kukosa karatasi moja. Aje na muhtasari wa ruhusa aliopewa alipotoka hospitali, majibu ya vipimo vya karibuni, na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, pamoja na mitishamba, bila kuificha. Hatugombani na mtu kwa sababu hiyo. Aandike au aandikiwe kila alichokula na kunywa kwa siku tatu mfululizo, moja kati ya hizo iwe ya mwisho wa juma. Aje na anayempikia, kwani mara nyingi tunamweleza mgonjwa ambaye hashiki mwiko. Atapimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono, atapewa mpango ulioandikwa, na atarudi baada ya wiki mbili. Anayeishi mbali, kama Mambrui au Gongoni, aanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu ili aandikiwe barua ya rufaa, na awe amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024.

Wanaotoa ushauri wa lishe kwa malipo wanapaswa kuelewa kwamba Sheria ya Wataalamu wa Lishe ya mwaka 2007 inamtaka kila mtoa huduma awe amesajiliwa na awe na leseni. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo, na asione haya. Kwa wauzaji wa sharubati na unga wa kusafisha mwili, Sura ya 254 ya sheria za Kenya, inayohusu vyakula, dawa na kemikali, inakataza kuuza au kutangaza chakula kwa namna ya uongo au ya kupotosha kuhusu asili, thamani, ubora au usalama wake, na anayepatikana na hatia hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kumwambia mama aliyetoka kwenye upasuaji kwamba chupa ya majani yaliyosagwa itamtosha badala ya dawa ni jambo la kuripotiwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Mlalamikaji alete chupa yenyewe ikiwa na kibandiko chake, risiti kama ipo, na tarehe aliyonunua. Bila bidhaa mkononi, uchunguzi huwa mgumu kuanza.

Limebaki suala la Ramadhani. Kwa Waislamu, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye, na hata hivyo tunapokea wagonjwa wa kisukari waliofunga kimyakimya na kufikishwa hospitali kabla ya magharibi wakiwa hawajitambui. Anayenuia kufunga baada ya maradhi makubwa afike kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, akiwa na dawa zake zote, ili daktari aamue kama saa za kumeza dawa zinaweza kuhamishiwa futari na daku, au kama mwaka huu atakula.