"Silali, Daktari": Kudai Fidia ya Kiwewe cha Vita Baada ya Kutumikia Jeshi la Marekani

Daktari anamkaribisha mwanajeshi wa zamani ofisini na kumuuliza hali. Mtu wa kwetu anajibu kama alivyolelewa: nzuri, namshukuru Mungu. Sisi kwa sisi tunajua jibu hilo halijasema kitu. Hata mgonjwa asiyeweza kuinuka mkekani huanza na "sijambo" ndipo aseme homa ina siku ya tatu. Lakini daktari huyu anaandika, na ripoti yake itasomwa na mtu atakayeamua fidia bila kumtia machoni mwenye dai. Ndani ya ripoti hiyo panaandikwa kwamba mhusika anasema anaendelea vizuri.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanajeshi wa zamani kuandaa madai ya ulemavu, na ripoti za namna hiyo nimezisoma nyingi mno. Wengi wa ninaozungumza nao Kiswahili ni Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi. Wapo walioingia jeshini wakiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, na wapo waliopitia mpango uliowachukua wageni kwa sababu ya lugha zao kuanzia mwisho wa 2008 hadi 2016, Kiswahili kikiwemo katika orodha. Walikwenda Iraq na Afghanistan. Wamerudi wakiwa na fidia ya goti, ya mgongo, ya masikio yanayovuma. Ya kiwewe hawakuiomba, au waliiomba wakanyimwa kwa kuwa waliulizwa hali wakasema nzuri.

Mmoja wao alikuwa dereva wa malori ya mizigo huko Afghanistan. Mkewe alikuwa amehamia chumba cha watoto, kwa sababu mume huamka usiku akipiga hewa, na mara moja alimpiga yeye. Kwa daktari alisema usingizi "si mbaya sana". Akapewa ulemavu wa asilimia 10, ambao fidia yake ni ndogo.

Mambo matatu ambayo dai husimama juu yake

Jina PTSD, yaani ugonjwa wa msongo unaofuata tukio la kutisha, liliingia katika mwongozo rasmi wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Kwa Kiswahili tunasema kiwewe, na neno hilo linatosha. Si wazimu, si laana, wala si upungufu wa imani. Nalisema hili kwa sababu nimeona familia zikimzungusha mtu kwa waganga na kwenye maombi kwa miaka, huku haki yake ya matibabu ya bure ikimsubiri.

Idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wa zamani, ambayo kila mtu anaiita VA, inataka mambo matatu: daktari awe amethibitisha kwamba una PTSD sasa, kuwe na tukio lililokupata ukiwa jeshini, na daktari aeleze kwamba ugonjwa huu umetokana na tukio lile. Uraia si sharti.

La pili ndilo linalowakwamisha watu. Wengi huamini kwamba bila nishani au picha hakuna dai. Sivyo. Kwa aliyepigana vitani, sheria inayakubali maelezo yake mwenyewe kuwa ushahidi wa tukio, mradi yanaendana na mazingira ya utumishi wake, hata kama hakuna karatasi ya jeshi inayolitaja. Tena tangu Julai 2010 kanuni ilipanuliwa iwafae na wale ambao hawakufyatua risasi hata moja: dereva, mpishi, fundi, karani wa kambi iliyokuwa ikirushiwa makombora usiku. Kama uliishi kwa hofu ya kushambuliwa na adui au magaidi, na mtaalamu wa akili wa VA, au aliyepewa kazi hiyo na VA, akathibitisha kwamba hofu hiyo inatosha kuwa chanzo, maelezo yako yanaweza kutosha kulithibitisha tukio. Dereva wangu hakulijua hilo. Alidhani "vita" ni vya askari wa miguu peke yao.

Kwa waliodhulumiwa kingono wakiwa jeshini, wanawake na wanaume, VA inajua kwamba mara nyingi hakuna taarifa iliyowahi kupelekwa kwa mkubwa. Kwa hiyo inatazama alama zilizobaki: ombi la ghafla la kuhamishwa kikosi, kazi iliyoshuka ubora ndani ya miezi michache, kipimo cha mimba au cha magonjwa ya zinaa, barua kwa dada nyumbani. Ujumbe wa simu uliomtumia mama yako miaka hiyo unaweza kuwa ushahidi. Usiufute.

Namna ya kulieleza tukio

Fomu ya dai lenyewe ni 21-526EZ, na ya kueleza tukio ni 21-0781. Hiyo ya pili ndiyo inayowaliza watu mezani kwangu, na siwaharakishi. Andika mwezi na mwaka kwa kadiri unavyokumbuka, mahali, kikosi, uliyekuwa naye, ulichokiona, ulichokisikia, harufu kama ilikuwepo. "Niliona mambo mabaya" haimsaidii anayesoma. "Machi, barabara ya kutoka kambini, lori la tatu mbele yangu lililipuka, nikapewa amri ya kupita pembeni bila kusimama" inamsaidia, kwa sababu inaweza kulinganishwa na kumbukumbu za kikosi. Usiongeze chumvi hata punje. Usipunguze pia, na kwa watu wetu kupunguza ndiko ninakokuona zaidi.

Kisha tafuta mashahidi wa maisha ya sasa. Mke au mume anaweza kuandika anachokiona: unakagua mlango mara ngapi kabla ya kulala, harusi ngapi umekataa kwenda, siku uliyowafokea watoto kwa sababu ya sahani iliyoanguka. Kama Kiingereza kinampa taabu, aandike kwanza kwa Kiswahili jinsi anavyozungumza, kisha mtu anayeaminika atafsiri. Barua za namna hiyo huwa na uzito kuliko zile zilizonakiliwa mtandaoni, ambazo zote hufanana. Na aliyekuwa nawe kikosini akiandika nusu ukurasa tu, nayo ni hazina.

Siku ya kupimwa, usijitayarishe kama anayekwenda usaili wa kazi. Eleza siku zako mbaya, kwa sababu daktari amekukuta siku moja tu, pengine siku nzuri. Akikuuliza kama umewahi kufikiria kufa, jibu ukweli. Wengi wanaogopa kwamba wakisema ndiyo watanyang'anywa watoto. Swali lile limewekwa ili upate msaada, na jibu lake ni sehemu ya kupima uzito wa ugonjwa.

Asilimia, dola na tarehe

PTSD hupewa asilimia 0, 10, 30, 50, 70 au 100. Kinachopimwa ni jinsi ugonjwa unavyokwaza kazi na maisha na watu. Idadi ya milipuko uliyoishuhudia haihesabiwi. Asilimia 50 inamhusu mtu ambaye kazi yake haitegemeki tena, anayeshikwa na hofu kali zaidi ya mara moja kwa wiki. Asilimia 70 ni pale mambo yameharibika karibu kila upande: kazi, familia, maamuzi, hali ya moyo. Kwa viwango vya 2025, asiye na mke wala watoto alilipwa dola 1,102.04 kwa mwezi kwa asilimia 50, dola 1,759.19 kwa 70, na dola 3,831.30 kwa 100. Fedha hizo hazitozwi kodi. Mtu anaweza kuwa kazini na bado akalipwa. Ni wale tu wanaolipwa kiwango cha 100 kwa hoja kwamba hawawezi kazi ndio wenye masharti ya ajira.

Tarehe ina thamani ya fedha. Ukidai ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka jeshini, malipo huhesabiwa tangu siku iliyofuata kutoka kwako. Ukichelewa zaidi, kwa kawaida huhesabiwa tangu siku dai lilipopokelewa, na miaka iliyopita imekwenda na maji. Kwa hiyo hata kabla hujakusanya karatasi, wasilisha kusudio la kudai, fomu 21-0966. Linakulindia tarehe kwa mwaka mzima.

Kwa mstaafu mwenye pensheni ya jeshi

Hapa niende polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza fedha nyingi bila kujua. Si kila mwanajeshi wa zamani ni mstaafu. Mstaafu ni yule anayelipwa pensheni na jeshi lenyewe, ama kwa kutumikia miaka 20, ama kwa kustaafishwa kwa ulemavu kabla ya hapo. Kwa kanuni ya zamani, mtu huyo akilipwa fidia na VA, pensheni yake hukatwa kiasi hicho hicho, dola kwa dola. Anapokea kwa mkono huu, ananyang'anywa kwa ule.

Mwaka 2002 Bunge la Marekani liliunda fidia maalumu ya ulemavu uliotokana na mapigano, iitwayo CRSC, ili kurudisha kilichokatwa. Tangu Januari 2008 inawahusu pia waliostaafishwa kwa ugonjwa kabla ya miaka 20, ingawa kiasi chao hupimwa kwa miaka waliyotumikia. Haitozwi kodi. Lakini haiji yenyewe. Wenye miaka 20 na ulemavu wa VA wa asilimia 50 au zaidi wana malipo mengine yanayokuja bila kuombwa, ila hutozwa kodi, na mtu hawezi kupokea yote mawili kwa pamoja. CRSC ni lazima uiombe kwa fomu DD 2860, na unaiomba kwa jeshi ulilotumikia, si kwa VA.

Na jeshi lina swali lake. VA inauliza kama ugonjwa ulitokana na utumishi. Jeshi linauliza kama ulitokana na mapigano, kazi ya hatari kama kuruka na parachuti, mazoezi ya kivita, au zana za vita. Kuwa Iraq tu hakutoshi. Tukio lazima lionekane katika karatasi. Ndiyo maana ile 21-0781 uliyoiandika kwa uangalifu, pamoja na uamuzi wa VA unaolitaja tukio, nishani ya mapigano kama unayo, na cheti cha kutoka jeshini, DD214, ni vitu vya kuambatanisha tena huku.

Simon Soto ni mfano ambao kila mstaafu anapaswa kuujua. Alikuwa askari wa Marine, mojawapo ya matawi ya jeshi la Marekani, na kazi yake Iraq ilikuwa kutafuta, kukusanya na kuandaa miili ya wenzake waliouawa. Alistaafishwa mwaka 2006 akiwa na PTSD. CRSC aliiomba 2016. Ombi likakubaliwa, lakini malimbikizo yakahesabiwa miaka sita tu nyuma, kwa kutumia sheria ya jumla ya ukomo wa madai dhidi ya serikali. Akafungua kesi kwa niaba yake na ya maelfu ya wengine waliokatwa vivyo hivyo. Alishinda, akashindwa katika rufaa, na tarehe 12 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikampa haki: sheria iliyounda CRSC ina utaratibu wake wa malipo, kwa hiyo ukomo ule wa miaka sita hauihusu. Kama wewe ni mstaafu na hukuwahi kuomba kwa kudhani umechelewa, omba. Kama uliwahi kulipwa malimbikizo yaliyokatwa miaka sita, peleka swali hilo kwa mwakilishi wako wiki hii.

Waliotolewa vibaya, na wanaotozwa

Kuna askari waliofukuzwa kwa ulevi, ugomvi au utoro, na ugonjwa ndio uliokuwa ukifanya kazi. Cheti kibaya si mwisho wa njia. Maelekezo ya Wizara ya Ulinzi ya Septemba 2014 na ya Agosti 2017 yanazitaka bodi za jeshi zilitazame kwa huruma ombi la kubadilisha cheti pale PTSD inapohusika. Ni safari ndefu, na inahitaji mtu wa kukushika mkono.

Mtu huyo asikutoze kwa dai la kwanza. Sheria hairuhusu. Vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi waliosajiliwa wanaofanya kazi hii bure. Anayekuomba "miezi mitano ya ongezeko lako" ili akujazie fomu, mkimbie, hata kama mnatoka kijiji kimoja. Wakili anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza, mnapoupinga.

Na kuupinga inawezekana. Una mwaka mmoja wa kuchagua: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa wa juu apitie upya yaliyopo, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Pale ushahidi wa pande mbili unapolingana, sheria inasema mwanajeshi ndiye anayepewa faida ya shaka. Dereva wangu alirudi na barua ya mkewe na ya mwenzake wa lori la nyuma. Safari hii daktari alipomuuliza hali, alinyamaza, kisha akasema, "Silali, daktari." Walizungumza kwa zaidi ya saa moja.

Waliokwisha kurudi Nairobi, Arusha au Bujumbura, fidia ya ulemavu hulipwa popote mtu anapoishi, na VA ina mpango wa kugharimia matibabu nje ya Marekani kwa ugonjwa ilioutambua. Walioko Marekani, usiku ukiwa mzito, piga simu ya msaada 988 kisha bonyeza 1. Wanapokea saa zote, na si lazima uwe umejiandikisha VA. Mke, mama au rafiki anaweza kupiga pia, hata kama mwenyewe amekataa.