Umri wa miamba ya Kilwa haupimwi kwa kaboni

Ukisikia mwamba una miaka milioni 34, usidhani mtu ameupima kwa kaboni. Dhana hiyo imeenea sana, lakini kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayotumika kwa vipimo hivyo, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ikishapita miaka 50,000, inayobaki ni kidogo mno kupimika.

Kwa miamba iliyoanzia baharini, tegemeo kubwa ni foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo vingi havifiki hata milimita moja. Vikifa, magamba yake ya chokaa huzama na kufunikwa na tope. Spishi huibuka, huenea baharini, kisha hutoweka zisirudi tena, hivyo spishi zilizomo kwenye tabaka huonyesha ni la wakati gani. Ndiyo maana mtaalamu huloweka udongo, akauchekecha, halafu akaokota magamba kwa ncha ya brashi chini ya hadubini, akikagua umbo, vyumba na matundu. Ni kazi ya subira kweli.

Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi ni hazina: haupitishi maji kwa urahisi, hivyo magamba yamebaki maangavu kama kioo. Humo huonekana Hantkenina, jamii ya foraminifera yenye miiba, na ukipanda kwenye tabaka za juu zaidi haipo tena. Kutoweka kwake ndiko kunakotambulisha mpaka wa Eosini na Oligosini, vipindi viwili vinavyofuatana katika historia ya dunia, miaka milioni 33.9 hivi iliyopita.

Na namba hiyo? Visukuku hutoa mpangilio tu, yaani kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Miaka hupatikana kwa kupima madini ya majivu ya volkano, kama yaliyo Massignano, Italia, na kwa kumbukumbu za kugeuka kwa usumaku wa dunia zilizohifadhiwa miambani.