Wazee wa Nairobi: yale tunaambiana, na vile mambo yako

"Wazee wako ushago." Hiyo ndio jibu unapata haraka ukitaja kutengeneza Nairobi iwe rahisi kwa wazee, eti mtu akistaafu anafunga mizigo anaenda kufuga kuku, mji unabaki wa vijana. Wengine huenda kweli. Lakini pita Kaloleni, Jericho, Bahati ama Shauri Moyo asubuhi uone nani ameketi nje ya mlango akiota jua, ni watu waliingia kwa hizo nyumba wakiwa vijana, wakalea watoto hapo, na wengi hawana boma lingine mahali. Pumwani watu wamekaa tangu miaka ya 1920. Na Wanubi wa Kibra, ambao mababu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, na wako pale zaidi ya miaka 100, hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, wakaipata 2017, sasa huyo mzee ukimwambia arudi ushago arudi wapi, si ushago wake ni hapo hapo Kibra! Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 kwenda juu, na hao sio wote wa shambani.

Ya pili: ati kujali wazee ni kuwajengea nyumba ya wazee. Mji wa Huruma kule Runda na Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani zinasaidia sana mtu asiye na mtu, Mungu awabariki wanaofanya hiyo kazi. Ila wazee wengi wako kwa nyumba zao, ama kwa watoto wao, ama wako peke yao kwa chumba kimoja wakilea wajukuu, na hao wanahitaji mji wenyewe ubadilike. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ilitoa mwongozo wa miji inayojali wazee mwaka wa 2007, na Nairobi ilikuwa kati ya miji 33 ambako wazee waliulizwa shida zao, watu wengi hapa hata hawajui hiyo. Mambo yaliyotajwa ni manane: barabara na majengo, usafiri, makao, kujumuika na wengine, heshima, kazi na kushiriki uamuzi, habari, na huduma za afya na za jamii. Nyumba ni moja tu kati ya hayo.

Sasa hii ya tatu ndio inaniuma zaidi: "cucu hatoki siku hizi, ni uzee." Hapana, mara nyingi ni barabara! Fikiria tu safari ya kutoka Zimmerman kwenda kliniki. Kwanza matatu, ngazi ya kwanza iko juu karibu na goti, konda anapiga mabati gari liondoke kabla mtu hajakalia kiti, na wakati wa kushuka anaambiwa ashuke na mguu wa kushoto kwa sababu gari bado linatembea, hiyo kijana anaweza, mtu wa miaka 74 mwenye goti baya anaanguka na akivunjika nyonga maisha yake hayarudi vile yalikuwa. Halafu Thika Road, tangu ipanuliwe mwaka wa 2012 kuvuka ni kupanda daraja la miguu, mzee anaangalia zile ngazi anaamua bora arudi nyumbani, au anajaribu kukatiza huko chini na hiyo ni hatari ya kifo. Hata penye taa za kuvukia shida inabaki, kwa sababu kipimo kinachotumika nchi nyingi ni mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, na utafiti uliochapishwa Uingereza 2012 ulikuta wazee wa miaka 65 na zaidi, wengi wao hawafikii huo mwendo, wastani wao uko chini ya mita moja. Kwa hivyo taa inabadilika mtu akiwa katikati ya barabara. Ukiongeza kwamba kutoka steji moja mpaka nyingine hakuna mahali pa kuketi, na barabara ya miguu imejaa bodaboda na biashara, basi mtu anabaki kwa nyumba, miguu inakosa mazoezi, inazidi kudhoofika, na sisi tunasema ni umri.

Na choo. Watu wanaona aibu kuitaja lakini wazee wengi wanakataa kutoka kwa sababu hawajui watapata choo wapi, na wengine hawanywi maji asubuhi yote ndio wasishikwe njiani, na hiyo si afya.

Ati wazee hawawezi simu? M-Pesa iko tangu 2007, hao ndio wamepokea pesa za watoto nayo miaka yote hii. Kinachowasumbua ni maandishi madogo na alama za vidole zilizofutika na jembe na sabuni ya kufulia, mashine inakataa kuzisoma.

Kuna wale husema serikali inawapa pesa, imetosha. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni. Chumba cha mabati kinaweza kumaliza hiyo yote kabla hajanunua unga. Na mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa na 60, katiba yenyewe kifungu cha 260 inasema 60 ndio mzee, sasa yule mama wa kibanda ambaye hana pensheni yoyote hiyo miaka kumi ya katikati anakula nini?

Mwisho wanasema kaunti haina pesa. Sera ya Nairobi ya watembea kwa miguu na baiskeli ya 2015 ilisema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende huko, kwa hivyo wazo lilishakubaliwa kwa karatasi. Na benchi, mteremko mdogo kwa ukingo wa barabara ya miguu, muda mrefu kidogo kwa taa, hivyo si vitu vya mabilioni, na mama mjamzito na mwenye mkokoteni watavitumia pia.

Kifungu cha 57 cha katiba kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kaunti lazima ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi wanatakiwa wasikilizwe. Uliza ofisi ya wodi mkutano ni lini, na kama umewekwa ghorofa ya juu bila lifti ombeni uletwe chini. Mpeleke cucu au guka ataje mahali kamili: steji gani haina kiti, mtaro gani hauna kifuniko, ni wapi anashindwa kuvuka. Ukisema tu "tunataka barabara nzuri" hakuna mtu ataiweka kwa bajeti.